Josina Machel: Mpigania Uhuru Aliyepita Nachingwea na Kutuachia Kumbukumbu ya Aprili 7

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Aprili 7, Watanzania husimamisha shughuli za kawaida na kumkumbuka Hayati Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Kwanza wa Zanzibar na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, aliyeuawa kwa kupigwa risasi Kisiwandui, Zanzibar, tarehe hiyo mwaka 1972. Ofisi za umma hufungwa, na dua husomwa mahali alipoanguka. Mtoto wa Kitanzania huijua Karume Day kabla hajajua sababu zake.

Hata hivyo, tarehe hiyo haikuanza kubeba msiba mwaka 1972. Mwaka mmoja kamili kabla yake, Aprili 7, 1971, katika Hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, alifariki dunia mwanamke kijana mwenye umri wa miaka 25, mpiganaji wa Chama cha Ukombozi wa Msumbiji (FRELIMO). Jina lake ni Josina Machel. Ng'ambo ya Mto Ruvuma hakuna asiyemfahamu, kwa kuwa tarehe ya kifo chake ndiyo Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, na ni sikukuu ya taifa. Huku kwetu, katika ardhi aliyofunzwa, aliyofunga ndoa na aliyofia, jina lake halisikiki mara nyingi. Makala haya yanakusudia kumrejesha kwa wenyeji wake, hususan wananchi wa Nachingwea na Ruangwa.

Msafiri anayepita Mnero, katika ukanda ambao Wilaya za Nachingwea na Ruangwa zinakaribiana, huona mikorosho, mashamba ya ufuta na mbaazi, na vijiji vya Wamwera. Wengi huijua Mnero kwa hospitali yake ya misheni. Si rahisi kwa mgeni kufahamu kwamba nchi hii tulivu ilikuwa, kwa takribani miaka kumi, uwanja wa nyuma wa vita vya ukombozi. Kambi kuu ya mafunzo ya kijeshi na kisiasa ya FRELIMO ilikuwa Nachingwea. Humo walifunzwa vijana waliovuka Ruvuma kwenda kupigana na jeshi la Wareno, na kiongozi wao, Samora Moisés Machel, aliishi na kufanya kazi humo. Wakati huo Ruangwa ilikuwa bado haijawa wilaya inayojitegemea, na wananchi wa pande zote mbili walikuwa majirani wa kambi hiyo.

Kuzaliwa na malezi

Josina Abiatar Muthemba alizaliwa Agosti 10, 1945, huko Vilanculos, katika Mkoa wa Inhambane, Msumbiji. Alitoka katika familia iliyokwisha kuonja ukali wa ukoloni. Babu yake alikuwa mhubiri wa Kanisa la Presbiteri ambaye hakuficha chuki yake dhidi ya utawala wa Wareno. Baba yake alikuwa muuguzi katika hospitali za serikali, naye pamoja na ndugu wengine wa ukoo huo walipata kufungwa kwa sababu ya msimamo wao. Kazi ya baba iliifanya familia ihame kutoka kituo kimoja hadi kingine, hivyo Josina aliiona nchi yake kwa upana kuliko watoto wengi wa rika lake.

Elimu katika Msumbiji ya wakati huo ilikuwa njia nyembamba. Shule nzuri zilikuwa za watoto wa Wareno na wa Waafrika wachache mno waliokubaliwa kisheria kuhesabiwa kuwa wamestaarabika kwa kufuata lugha na desturi za mtawala. Josina alipata nafasi katika shule ya namna hiyo. Baadaye alipelekwa mji mkuu, Lourenço Marques, ambao leo ni Maputo, akasoma katika shule ya biashara. Binti Mwafrika aliyefika hapo alikuwa amevuka vizingiti vingi, na angeweza kuridhika na kazi ya ukarani na maisha ya afadhali kidogo kuliko ya wenzake.

Hakuridhika. Akiwa mwanafunzi alijiunga na NESAM, umoja wa wanafunzi Waafrika wa shule za sekondari ambao Eduardo Mondlane alikuwa miongoni mwa waasisi wake mwaka 1949. Kwa nje, umoja huo ulishughulika na masomo na utamaduni. Kwa ndani, ulikuwa darasa la siasa lililowafundisha vijana kujitambua kuwa Wasumbiji. Polisi wa siri wa Ureno, waliojulikana kwa jina la PIDE, waliufuatilia kwa karibu.

Safari mbili za kuitafuta Tanganyika

FRELIMO iliundwa jijini Dar es Salaam Juni 25, 1962, chini ya uongozi wa Mondlane. Kuanzia hapo, kijana wa Msumbiji aliyetaka kuipigania nchi yake alijua kwamba njia inaelekea kaskazini. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 9, 1961, na mwaka 1963 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliichagua Dar es Salaam kuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi.

Mwezi Machi 1964, akiwa na umri wa miaka 18, Josina alitoroka Lourenço Marques pamoja na wanafunzi wenzake kadhaa. Miongoni mwao alikuwamo Armando Guebuza, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Rais wa Msumbiji. Vijana hao walipita nchi zilizokuwa bado chini ya wakoloni na makaburu hadi Maporomoko ya Victoria, mpakani mwa Rhodesia Kusini na Rhodesia Kaskazini. Huko walikamatwa, wakarudishwa Msumbiji na kutiwa gerezani. Josina alikaa kifungoni kwa miezi kadhaa.

Wapo ambao wangeona kwamba gereza limetosha kuwa funzo. Kwa Josina, lilikuwa funzo la namna nyingine. Alipoachiwa aliendelea kufuatiliwa na polisi, naye akaanza kupanga safari ya pili. Alipita Swaziland, ambayo sasa ni Eswatini, akavuka Afrika Kusini hadi Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana. Mamlaka za Kiingereza zilitaka kuwarudisha wakimbizi hao mikononi mwa Wareno, lakini FRELIMO na jumuiya za kimataifa zilipaza sauti, wakaruhusiwa kuendelea hadi Zambia na hatimaye Dar es Salaam. Wakati huo vita vya silaha vilikuwa vimekwisha kuanza, kwa mapigano ya Septemba 25, 1964 huko Chai, Cabo Delgado.

Jijini Dar es Salaam alipewa kazi katika Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana wa FRELIMO iliyoongozwa na Janet Mondlane, mke wa Eduardo Mondlane. Alikuwa msaidizi wa mkurugenzi huyo. Kwa elimu na bidii yake, alipata nafasi ya ufadhili wa masomo ya chuo kikuu nchini Uswisi. Nafasi ya namna hiyo ingemtoa katika mahangaiko ya ukimbizi na kumfungulia maisha mapya Ulaya. Josina aliikataa. Alichagua kwenda Nachingwea.

Nachingwea

Jina la Nachingwea lilikuwa limevuma duniani kabla ya FRELIMO kufika. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Misitu ilifyekwa, mashamba makubwa yakapewa namba, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandazwa kutoka pwani hadi bara. Mvua, udongo na upangaji mbovu viliushinda mradi huo, nao ukaachwa mwaka 1951. Katika mashamba yaliyobaki, moja lililojulikana kwa jina la Farm 17 ndilo lililokuja kuwa kambi ya FRELIMO. Ardhi iliyofyekwa kwa faida ya mkoloni mmoja ikatumika kumwondoa mkoloni mwingine.

Mwishoni mwa mwaka 1966, viongozi wa FRELIMO waliamua kwamba wanawake nao wapewe mafunzo ya siasa na ya kijeshi. Uamuzi huo haukuwa mwepesi. Ni kweli kwamba Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao wa pande zote mbili za Ruvuma wamezoea kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, na neno la mama na la mjomba lina uzito katika nyumba zao. Hata hivyo, kuhesabu ukoo kwa mama ni jambo moja, na binti kubeba bunduki, kulala kambini na kutoa amri mbele ya wanaume ni jambo jingine. Baadhi ya wapiganaji wenyewe walipinga, na wazee wengi waliona kwamba mila inavunjwa.

Mwaka 1967 kundi la kwanza la wanawake wapatao 25, Josina akiwamo, liliingia Nachingwea na kufunzwa kwa muda wa miezi mitatu. Walijifunza kutumia silaha na kuvumilia safari ndefu za miguu, na pia walisomeshwa historia na siasa za nchi yao. Kutokana na kundi hilo kilizaliwa Kikosi cha Wanawake cha FRELIMO.

Kazi za kikosi hicho zilikuwa pana kuliko mapigano. Wanawake hao walilinda maeneo yaliyokombolewa, walisafirisha silaha na vifaa kwa miguu, na walikwenda kijiji hadi kijiji kuwaeleza wananchi sababu za vita. Walihudumia majeruhi, walifundisha kusoma na kuandika, na walipokea watoto waliopoteza wazazi. Jambo hilo la mwisho ndilo lililoushika zaidi moyo wa Josina. Alisaidia kuanzisha vituo vya kulelea watoto hao na alisisitiza kwamba mtoto wa vitani asilelewe kama mzigo wa jirani, bali kama raia wa nchi inayokuja.

Inapasa kukumbukwa kwamba kambi haiishi peke yake. Wananchi wa kusini mwa Tanzania walikuwa wenyeji wa mapambano hayo, na walilipa gharama yake. Vijiji vya mpakani vilishambuliwa na majeshi ya Wareno na mabomu ya ardhini yalitegwa katika njia za watu. Wakimbizi kwa maelfu walivuka Ruvuma na kupokewa. Mjini Mtwara, FRELIMO ilikuwa na hospitali yake iliyopewa jina la Dkt. Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa vitani mwaka 1968. Serikali ya Awamu ya Kwanza chini ya Mwalimu Julius Kambarage Nyerere haikuyumba katika msimamo kwamba uhuru wa Tanzania haukamiliki wakati jirani yuko utumwani. Msimamo huo ulitekelezwa na watu wa kawaida, ambao wengi wao hawakuwa na zaidi ya mhogo na maji ya kisima.

Uongozi, ndoa na maradhi

Mwezi Julai 1968, FRELIMO ilifanya Mkutano Mkuu wa Pili ndani ya Msumbiji yenyewe, katika eneo lililokombolewa la Niassa. Josina alikuwa mjumbe. Katika mkutano huo alitetea ushiriki kamili wa wanawake katika kila sehemu ya mapambano. Baadaye alikabidhiwa sehemu ya wanawake katika Idara ya Uhusiano wa Kimataifa, na kazi hiyo ilimpeleka katika mikutano ya nje kueleza hali ya wanawake wa nchi yake. Aliongoza pia shughuli za ustawi wa jamii, zikiwamo za afya na za watoto.

Miaka hiyo haikuwa ya ushindi mtupu. Mwezi Mei 1968, Mateus Sansão Muthemba, ndugu wa ukoo wake, aliuawa katika shambulio kwenye ofisi ya FRELIMO jijini Dar es Salaam. Februari 3, 1969, Dkt. Mondlane aliuawa katika jiji hilo hilo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa. Chama kilitikisika, na kilihitaji watu wasiotikisika.

Mwezi Mei 1969, Josina alifunga ndoa na Samora Machel katika kituo cha elimu cha FRELIMO huko Tunduru, mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya kukiendeleza. Mwishoni mwa mwaka huo walipata mtoto wa kiume aliyepewa jina la baba yake. Mwaka uliofuata Samora alichaguliwa kuwa Rais wa FRELIMO. Josina hakugeuka kuwa mke wa kiongozi anayekaa nyumbani. Aliendelea kuwa mpiganaji mwenye majukumu yake, na mara nyingi mtoto alibaki kwa walezi wakati mama yuko safarini.

Mwaka 1970 afya yake ilianza kuzorota. Alipata maumivu ya tumbo na uchovu usioisha. Alipelekwa Moscow kwa matibabu, akarudi na ushauri wa kupumzika. Ushauri huo hakuufuata. Mwanzoni mwa mwaka 1971 alisafiri tena ndani ya Cabo Delgado kukagua kazi za ustawi wa jamii, akitembea kwa miguu kutoka kituo hadi kituo. Aliporudi Tanzania nguvu zilikuwa zimekwisha. Alilazwa Muhimbili, na Aprili 7, 1971 akafariki dunia, akimwacha mtoto ambaye hakuwa ametimiza hata mwaka mmoja na nusu. Alizikwa katika makaburi ya Kinondoni.

Hakuwahi kuiona Msumbiji huru. Mwezi Machi 1973, Umoja wa Wanawake wa Msumbiji ulizaliwa katika mkutano uliofanyika Tunduru, kwenye ardhi ile ile ya ndoa yake. Septemba 7, 1974 Mkataba wa Lusaka ulitiwa saini, na Juni 25, 1975 bendera ya Msumbiji huru ikapandishwa, Samora Machel akiwa Rais wa Kwanza. Mabaki ya Josina yalihamishiwa Maputo, na sasa yamelazwa katika mnara wa mashujaa, pamoja na Mondlane na Samora mwenyewe, aliyefariki katika ajali ya ndege huko Mbuzini Oktoba 19, 1986.

Tarehe moja, kumbukumbu nyingi

Aprili 7 imebeba mambo mengine mawili ambayo yanasaidia kuelewa maisha haya. Aprili 7, 1948, katiba ya Shirika la Afya Duniani ilianza kutumika, na kuanzia mwaka 1950 tarehe hiyo huadhimishwa kuwa Siku ya Afya Duniani. Josina alikuwa binti wa muuguzi na mke wa mwanaume ambaye naye alikuwa muuguzi kabla ya kuwa askari. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa ya afya ya mama na mtoto, na maradhi ndiyo yaliyomwondoa. Anayepita Mnero siku hiyo na kuwaona akina mama wakisubiri huduma na watoto migongoni, anaona kwa macho yake jambo ambalo wapiganaji wale walilitaka kwa watu wao.

Kumbukumbu nyingine ni nzito. Aprili 6, 1994 usiku, ndege ya Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda ilitunguliwa ikirejea Kigali kutoka kwenye mkutano jijini Dar es Salaam. Siku iliyofuata, Aprili 7, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza. Siku hiyo hiyo aliuawa Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini humo. Umoja wa Mataifa umeitenga Aprili 7 kuwa siku ya kutafakari mauaji hayo. Kwa Mtanzania, tarehe hiyo inakumbusha kwamba uhuru ukishapatikana hubaki kazi ya kuulinda dhidi ya chuki za wenyewe kwa wenyewe.

Kalenda haikupanga mambo haya. Karume aliuawa, Josina aliugua, Rwanda iliangamizwa na watu wake, na dunia ilijipatia chombo cha afya, kila jambo kwa sababu zake. Ni sisi tunaoamua nini cha kukumbuka siku hiyo inapofika. Msumbiji imekwisha kuamua: Aprili 7 wanawake wake hutoka kwa nyimbo na vitenge na kuweka mashada ya maua.

Kwa upande wa Tanzania, ambayo imepewa dhamana ya kuratibu Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Afrika, lipo jambo lisiloweza kungoja. Mwananchi aliyekuwa na miaka 20 Josina alipoingia Nachingwea mwaka 1967, alitimiza miaka 70 mwaka 2017. Wazee waliouza mihogo kambini, waliobeba majeruhi, waliowapa wakimbizi shamba la kulima na waliocheza ngoma na wapiganaji wale wanazidi kupungua, na kila mmoja anapozikwa huondoka na sura ya historia ambayo haikuandikwa. Majengo yanaweza kukarabatiwa baadaye, lakini mzee hawezi kuulizwa baadaye.

Kazi hiyo haihitaji kuanza na fedha nyingi. Mwalimu wa historia wa Mnero, Nachingwea au Ruangwa anaweza kuwatuma wanafunzi wake kwa bibi na babu zao wakiwa na daftari na maswali machache: waliishi vipi miaka ya vita, waliwaona nani, waliwapa nini, walipoteza nini. Majibu hayo yakikusanywa na kuhifadhiwa katika shule na ofisi za utamaduni za halmashauri, yatakuwa hazina ya taifa.

Aprili 7 ijayo, wakati dua ikisomwa Kisiwandui kwa ajili ya Mzee Karume, wananchi wa kusini wana sababu ya kuongeza jina moja katika kumbukumbu zao. Ni jina la binti aliyeikataa nafasi ya chuo kikuu Ulaya ili aje kulala kambini Nachingwea, akapita katika ardhi yao kwa muda mfupi, na akafa kabla ya kuvuna alichokipanda.